Treni ya Pembezoni mwa Jiji: Namna Wananchi Wanavyoweza Kuomba Njia Mpya ya Reli na Kusikilizwa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kabla jua halijachomoza, vituo vya daladala vya Chanika, Mbagala, Bunju na Kibamba huwa vimekwisha kujaa watu. Mfanyakazi anayetakiwa kuwa Posta au Kariakoo saa mbili asubuhi huamka saa kumi alfajiri ili aiwahi foleni. Mwanafunzi husimama mlangoni akisubiri konda amruhusu kupanda. Jioni safari hiyo hiyo hurudiwa kinyume chake, na mzazi hufika nyumbani watoto wakiwa wamekwisha kulala. Muda unaopotea barabarani hauandikwi katika daftari lolote la hasara, lakini kila kaya inaulipa.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Miaka kumi baadaye, Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika kipindi cha muongo mmoja, na wengi wanaotafuta kiwanja cha bei nafuu hukipata pembezoni, mbali na ofisi, masoko na hospitali kubwa. Jiji limepanuka kuelekea nje, ilhali sehemu kubwa ya ajira imebaki katikati.

Katika mazingira hayo, swali la treni huibuka mara kwa mara kwenye mikutano ya mitaa: mbona kwetu reli haifiki? Swali hilo ni halali. Ibara ya 21 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa. Hata hivyo, kuwa na haki ya kuomba ni jambo moja, na kuomba kwa namna itakayozaa matokeo ni jambo jingine.

Makala haya yanaeleza mambo matatu yanayolipa nguvu ombi la njia mpya ya reli: takwimu za safari, kugonga mlango sahihi kwa wakati sahihi, na kuilinda ardhi ambayo reli itapita. Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo ambalo likipotea, gharama ya kulirejesha huwa kubwa kuliko yote.

Reli zilizopo jijini

Dar es Salaam ina reli za aina tatu. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza mwaka 1905 wakati wa utawala wa Wajerumani. Reli hiyo ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, inaunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi nchini Zambia kwa umbali wa takriban kilomita 1,860. Ya tatu ni reli ya kisasa, SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi Julai, na kuzinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024.

Zote tatu zilibuniwa kwanza kwa ajili ya safari ndefu na mizigo. Wazo la kuzitumia kumsafirisha mkazi wa jiji kwenda kazini na kurudi nyumbani lilitekelezwa mwezi Oktoba 2012, pale treni za abiria wa mjini zilipoanza kutoa huduma katika njia mbili: kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa kwa kutumia Reli ya Kati, na kwa kutumia reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Wananchi waliibatiza huduma hiyo jina la "treni ya Mwakyembe", kwa kumbukumbu ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe. Mwaka 2016 ikafuata huduma kati ya Stesheni na Pugu, ikipita Gongo la Mboto.

Huduma hizo zina funzo ambalo kila anayetaka treni mtaani kwake anapaswa kulizingatia. Ziliwezekana kwa muda mfupi kwa sababu reli ilikuwapo tayari. Kilichohitajika ni kukarabati vichwa vya treni, mabehewa na njia, kuandaa vituo na kupanga ratiba. Hakuna kilima kilichochongwa wala mtaa uliohamishwa.

Hali ni tofauti kwa mkazi wa Mbagala, Bunju au Kigamboni, ambako hakuna reli ya abiria inayopita. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kamati yoyote ya wananchi inapaswa kujiuliza ni hili: je, tunaomba huduma mpya juu ya reli iliyopo, au tunaomba reli mpya? Ombi la kwanza linaweza kuhitaji kituo, mabehewa na ratiba. La pili linahitaji upembuzi yakinifu, usanifu, ardhi, fidia, tathmini ya mazingira na fedha nyingi. Wanaoyachanganya hujikuta wakimwomba ofisa wa ratiba jambo lililo chini ya mamlaka ya Bunge.

Kwa nini haitoshi kuongeza mabehewa

Wapo wanaouliza kwa nini treni moja isizunguke jiji zima. Jibu la kwanza liko kwenye upana wa reli. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina milimita 1,067. Na SGR ina milimita 1,435. Tofauti ya milimita 67 ni ndogo kuliko upana wa kiganja, lakini inatosha kulizuia behewa la Reli ya Kati lisipite juu ya reli ya TAZARA. Kwa sababu hiyo, mahali njia hizi zinapokaribiana, jambo la maana la kuomba ni kituo cha pamoja ambacho abiria atashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili bila kutembea mbali wala kulipa nauli mbili kamili.

Jibu la pili ni njia moja. Pale ambapo treni zinazokwenda na zinazorudi hutumia njia moja ya reli, hupishana tu kwenye kituo chenye njia ya kupishania. Tuchukue mfano: ikiwa mwendo kati ya vituo viwili vya kupishania ni dakika 20, treni ikishaingia katika kipande hicho, ile ya upande wa pili haina budi kusubiri hadi ya kwanza itoke, nayo itumie dakika zake 20. Kwa hiyo hata kukiwa na vichwa na mabehewa ya kutosha, kila upande utapata treni moja tu kila baada ya dakika 40. Njia ya kupishania ikijengwa katikati, muda huo unashuka hadi karibu nusu. Mara nyingi mita mia chache za reli ya ziada mahali panapofaa humsaidia abiria kuliko mabehewa kumi mapya.

Jambo la tatu ni hesabu ya uwezo. Treni yenye nafasi ya abiria 1,000 ikipita mara moja kwa saa itabeba watu 1,000. Ikipita kila baada ya dakika 10, itabeba watu 6,000 kwa saa kwa upande mmoja. Ili kubeba idadi hiyo hiyo kwa daladala ndogo za abiria 30, zingehitajika daladala 200 kwa saa, yaani moja kila baada ya sekunde 18. Hapo ndipo reli inapoishinda barabara. Lakini mfano huo unaonya pia: treni kubwa inayopita mara moja asubuhi na mara moja jioni haiwezi kupunguza foleni, kwa kuwa abiria huipima treni kwa muda anaoisubiri.

Mambo haya si ya wahandisi peke yao. Mwananchi anayeyaelewa hataishia kusema "tunataka treni". Atasema tunaomba kituo mahali fulani, njia ya kupishania katika kipande fulani, na treni kila baada ya dakika kadhaa katika saa za asubuhi na jioni. Ombi la namna hiyo linaweza kupimwa, kukadiriwa gharama na kujibiwa.

Funzo kutoka Perth na Uskoti

Kampeni za wananchi kudai treni za pembezoni mwa miji zimefanyika katika nchi nyingi. Mbili kati ya hizo zinafaa kuwekwa bega kwa bega, kwa kuwa zilianza kwa kushindwa kunakofanana, zikaishia kwa gharama zisizolingana.

Ya kwanza ni ya jiji la Perth, Australia Magharibi. Mwezi Septemba 1979 serikali ya jimbo hilo, chini ya Charles Court, ilisitisha treni za abiria kati ya Perth na mji wa bandari wa Fremantle na kuweka mabasi badala yake. Wakazi waliunda chama kilichojiita Marafiki wa Reli, wakakusanya saini zipatazo 100,000. Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele alikuwa Peter Newman, mwanataaluma wa mipango ya miji aliyekuwa pia diwani wa Fremantle. Saini hizo hazikuzuia treni kusitishwa. Hata hivyo, suala lilibaki hai, na baada ya serikali kubadilika katika uchaguzi wa mwaka 1983, treni zilirejeshwa tarehe 29 Julai mwaka huo. Reli zenyewe zilikuwa hazijang'olewa. Kazi haikuishia hapo: njia mpya ya kaskazini kuelekea Joondalup ilianza kutumika mwishoni mwa mwaka 1992, na ile ya kusini hadi Mandurah, yenye urefu wa takriban kilomita 70, ikafunguliwa mwezi Desemba 2007.

Ya pili ni ya Uskoti. Mwezi Desemba 1968 wananchi wa eneo la mpakani kusini mwa Edinburgh walipeleka London ombi lenye saini 11,678 wakipinga kufungwa kwa reli yao. Ombi halikukubaliwa, na mwezi Januari 1969 treni zikakoma. Reli ziking'olewa, ardhi ikagawanyika, na baadhi ya sehemu za mkuza zikajengwa barabara na nyumba. Kampeni ya kuirejesha ilipopata chombo rasmi mwaka 1999, ilikuta kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuutafuta upya mkuza uliopotea. Ilibidi Bunge la Uskoti lipitishe sheria mahsusi mwaka 2006, na treni zikarejea tarehe 6 Septemba 2015, zikifika Tweedbank tu, umbali wa takriban kilomita 48. Mji wa Hawick, uliokuwa kitovu cha kampeni ya mwaka 1968, haukufikiwa.

Kote kuwili wananchi walipaza sauti, na kote kuwili walikataliwa mara ya kwanza. Yako mambo mengi yaliyotofautiana, lakini moja lina uzito wa pekee: Perth mkuza na reli vilibaki mahali pake, na huduma ikarejea ndani ya miaka minne. Uskoti mkuza ulimegwa, na ikachukua zaidi ya miaka 46. Kwa jiji linalokua kama Dar es Salaam, ambako uwanda ulio wazi leo unaweza kuwa mtaa baada ya miaka mitano, funzo hilo halihitaji tafsiri.

Nani anaamua nini

Ombi zuri likipelekwa mahali pasipohusika hukaa kwenye faili. Ni muhimu kufahamu mgawanyo wa majukumu.

Wizara ya Uchukuzi ndiyo yenye dhamana ya sera na mipango ya sekta ya reli. Shirika la Reli Tanzania (TRC), lililoundwa kwa Sheria ya Reli ya mwaka 2017 baada ya kuunganishwa kwa iliyokuwa RAHCO na TRL, linasimamia miundombinu na uendeshaji wa Reli ya Kati na SGR. TAZARA inamilikiwa kwa pamoja na Tanzania na Zambia. Hivyo jambo linalogusa reli hiyo huhitaji ridhaa ya mamlaka inayozihusisha nchi mbili, na wananchi wasishangae likichukua muda zaidi.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, inadhibiti nauli, usalama na ubora wa huduma. Sambamba nayo lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini (LATRA CCC), ambalo kazi yake ni kuwa sauti ya abiria. Malalamiko ya treni kuchelewa, kujaa kupita kiasi au nauli yaanzie huko, si kwa waziri.

Halmashauri nazo zina nafasi yake. Mkoa una Jiji la Dar es Salaam na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hizi ndizo mamlaka za upangaji katika maeneo yao: ndizo zinazoidhinisha ramani za mipangomiji na kutoa vibali vya ujenzi. Reli inayoelekea Kisarawe au Kibaha huvuka mpaka na kuingia Mkoa wa Pwani, hivyo ombi lake liwahusishe viongozi wa pande zote mbili tangu mwanzo.

Upo pia Mpango Kabambe wa Usafiri wa Jiji la Dar es Salaam, uliotayarishwa mwaka 2008 na kupitiwa upya mwaka 2018 kwa ushirikiano na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA). Ombi linaloonyesha uhusiano wake na mpango huo lina uzito zaidi kuliko linaloanza kana kwamba hakuna kilichowahi kupangwa. Kwa anayetaka kuona nyaraka za aina hiyo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuiomba taasisi taarifa kwa maandishi, na taasisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

Kuandaa hoja

Hatua ya kwanza ni kuhesabu safari. Kikundi cha wakazi kinaweza kuchagua siku za kawaida za kazi, si sikukuu wala siku za likizo za shule, na kuhesabu wanaoondoka mtaani kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi. Maswali yawe machache: unatoka wapi, unakwenda wapi, unatumia muda gani, unapanda magari mangapi, na unalipa kiasi gani kwa siku. Wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda kliniki na wafanyabiashara wenye mizigo wahesabiwe pia.

Takwimu hizo hugeuka hoja zinapojumlishwa. Kwa mfano, mtaa wenye wasafiri 2,000 wa kila siku, kila mmoja akipoteza saa moja ambayo treni ingeiokoa, hupoteza saa 44,000 kwa mwezi wenye siku 22 za kazi. Mpangaji wa Serikali anaweza kuilinganisha hesabu ya namna hiyo na gharama ya mradi.

Hatua ya pili ni kujipima kwa uaminifu. Reli si jibu la kila mahali. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma kati ya Kimara na Kivukoni mwezi Mei 2016, yameonyesha kwamba zipo njia ambako barabara maalumu hufaa na kukamilika mapema zaidi. Aidha, katika miji mingi duniani nauli pekee haitoshi kulipia gharama zote za treni za mjini. Hoja inayokiri jambo hilo na kupendekeza pengo lizibwe vipi, kwa mfano kwa mapato ya maduka na maegesho ya vituoni, huaminika kuliko inayoahidi faida tupu. Ieleweke pia kwamba tangu mwaka wa fedha 2015/16 nchi ina Tozo ya Maendeleo ya Reli inayotozwa kwenye bidhaa zinazoingizwa nchini. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza habari za reli anauliza pia habari za fedha aliyochangia.

Hatua ya tatu ni kukusanya saini. Saini ziambatane na jina na mtaa wa mwenye nazo, na ukurasa wa kwanza ueleze ombi kwa sentensi chache zisizo na utata. Namba za simu na za vitambulisho zisikusanywe ovyo, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za watu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zitunzwe salama. Wanaotaka kufanya maandamano au mkutano wa hadhara watoe taarifa Polisi angalau saa 48 kabla, kama sheria inavyoelekeza.

Hatua ya nne ni kuipitisha hoja kwenye ngazi zake: mkutano wa mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Muhtasari uliosainiwa katika kila ngazi ni ushahidi kwamba ombi ni la jamii, si la kikundi cha watu wachache. Kutoka hapo mbunge anaweza kulifikisha kwa Wizara kwa maswali bungeni, au kuliwasilisha kama ombi la wananchi kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za Bunge.

Wakati nao ni sehemu ya hoja. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni. Lakini mapendekezo ya halmashauri na wizara huanza kutayarishwa miezi mingi kabla ya hapo. Ombi linalofika mwezi Mei hukuta mezani kumejaa. Linalofika Oktoba au Novemba hukuta kalamu bado zinaandika.

Waliopo njiani

Hakuna reli mpya ya mjini isiyogusa nyumba ya mtu. Anayeomba reli kwa ajili ya mtaa wake hana budi kumkumbuka mwenzake wa mtaa wa jirani, ambaye reli hiyo hiyo inaweza kumwondoa. Kampeni inayowashirikisha watu hao mapema huepuka uhasama na kesi za miaka mingi.

Sheria imeweka utaratibu. Mradi wa reli huhitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira na Jamii chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na NEMC, na wananchi wanaoathirika wana haki ya kushirikishwa na kutoa maoni. Mikutano hiyo isipuuzwe. Ndipo mahali pa kuuliza kivuko cha watembea kwa miguu kitakuwa wapi, maji ya mvua yatapita wapi, na shule itatenganishwaje na njia ya treni.

Ardhi ya mtu ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, fidia hutolewa kwa kuzingatia thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, pamoja na posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na, kwa mwenye biashara, faida anayoipoteza. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, mwenye haki anastahili riba. Mwananchi ahakikishe anakuwapo siku ya uthamini, anasaini fomu akiwa ameielewa, na anabaki na nakala yake.

Hali ni nyingine kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya reli iliyokwisha kuwekewa mipaka. Alama ya X nyekundu ukutani huja na machozi, na mara nyingi huwakuta watu waliouziwa kiwanja na mtu asiyekuwa na haki ya kukiuza. Kabla ya kununua kiwanja jirani na reli, mnunuzi aulize ofisi ya ardhi ya halmashauri na ofisi za TRC au TAZARA kuhusu mipaka. Swali hilo la siku moja huokoa akiba ya miaka ishirini.

Hapo ndipo jukumu la wananchi katika kulinda mkuza linapoonekana. Iwapo mpango umeonyesha kwamba reli itapita mahali fulani, serikali ya mtaa inaweza kutoa taarifa mapema ujenzi holela unapoanza, na diwani anaweza kuhoji kibali kinachotolewa juu ya eneo hilo. Msingi wa nyumba moja huonekana jambo dogo. Misingi mia moja hugeuza mradi wa reli kuwa mradi wa kuhamisha watu, na fedha ambazo zingenunua mabehewa huishia kwenye fidia.

Subira yenye kumbukumbu

Wananchi wa Perth walisubiri miaka minne baada ya treni yao kusitishwa. Wa Uskoti walisubiri miaka 46, na wengine wao bado wanasubiri. Reli ni mradi unaovuka vipindi vya uongozi: anayelipeleka ombi leo huenda asiwe yeye atakayekata tiketi ya kwanza. Kwa sababu hiyo kila kamati ya wananchi inashauriwa kutunza nakala za barua, mihtasari, takwimu na majibu yote ya Serikali, ili diwani, mbunge au mwenyekiti wa mtaa ajaye asianze upya.

Wakazi wanaotaka kuanza wanaweza kufanya hivyo katika mkutano ujao wa mtaa wao kwa kuomba ajenda moja iongezwe: kuteua watu wachache wa kuhesabu safari za asubuhi. Kazi hiyo inahitaji daftari, kalamu na watu waaminifu walio tayari kuamka saa kumi alfajiri. Wakazi wa pembezoni, kwa bahati mbaya, saa hiyo tayari wako macho.